Ni Nani Anayelipia Kitu cha Bure?

Ninyi mlioko Ndanai, Abosi na Sotik, na ninyi nyote wa nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, twawasalimu. Ng'ombe wamekwisha kukamwa, vikapu vya chai vimewekwa kando, na watoto wako nyumbani. Tunaomba mtuazime masikio.

Leo twataka kuulizana swali moja tu: Ni nani anayelipia kitu kinachoitwa cha bure?

Swali hili limeletwa na michezo ya simu, ile ambayo vijana wetu huiita gemu. Jioni ya likizo, pita katika kituo cha biashara, Ndanai au kwingineko. Utawakuta vijana wanne au watano mbele ya duka, vichwa vyao vimeinamia simu moja. Mmoja anaendesha, wengine wanapiga kelele: "Kata kona! Polisi wako nyuma!" Wala hakuna gari, hakuna polisi. Yote yamo ndani ya kioo kidogo kama kiganja cha mkono.

Kwa wazee ambao hawajauona mchezo huo, na tueleze kidogo. Ndani ya simu mna mji mzima, wenye barabara, madaraja, maduka na watu wanaotembea. Mchezaji halazimishwi kufuata njia moja; aenda atakako. Akitaka gari, hulichukua. Mara nyingi humvuta dereva na kumtupa chini. Akigonga watu, polisi humfukuza, na kadiri anavyozidi kuharibu ndivyo wanavyozidi kuja. Mchezo uliojulikana mno wa namna hii ni Grand Theft Auto. Ule wa mwaka 2001 ndio uliofungua njia kwa miji ya aina hii, na ule uitwao San Andreas, uliotoka mwaka 2004, uliingia katika simu mwaka 2013. Huo ulitengenezwa kwa ajili ya watu wazima, tena huuzwa kwa fedha. Lakini wameinuka watengenezaji wengine wengi walioiga, nao wanaitoa michezo yao bila bei. Ndiyo hiyo inayojaa katika simu za watoto wetu.

Sasa, wapenzi, mfanyabiashara gani hulima, akapalilia, akavuna, kisha akagawa mavuno yote bure na bado akatajirika? Hapana budi yuko anayelipa.

Kwanza, mtoto hulipa kwa macho yake. Kila baada ya dakika chache mchezo husimama, na tangazo hutokea. Mwenye tangazo humlipa mwenye mchezo, na bando la data linaloliwa na tangazo hilo ni la mama. Pili, mchezo huuza vitu vyake: gari lenye mbio zaidi, bunduki nzuri zaidi, dhahabu ambayo si dhahabu. Mahali pengine hatua hufanywa kuwa ngumu makusudi, ili mchezaji achoke kungoja na anunue. Tatu, mchezo hukusanya habari za mwenye simu: yuko wapi, anapenda nini, hucheza saa ngapi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema habari za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi. Lakini ni wazazi wangapi waliowahi kuulizwa? Mtoto hubonyeza mahali palipoandikwa "nakubali", naye amekwisha kutia sahihi kwa niaba ya nyumba nzima.

Msidhani twatia chumvi. Mwezi wa Desemba 2022, serikali ya Marekani iliibana kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa bure uitwao Fortnite, nayo ikakubali kulipa dola milioni 520. Katika hizo, dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji waliosukumwa kununua wasivyokusudia. Zilizobaki, dola milioni 275, zilikuwa faini kwa sababu ya habari za watoto. Jiulizeni basi: mchezo wa bure ulipata wapi fedha nyingi kiasi hicho?

Na hapa kwetu simu ya mama ndiyo benki yake. Humo ndimo hupitia malipo ya maziwa, na mwezi wa Oktoba bonasi ya chai. Simu hiyohiyo ndiyo anayopewa mtoto ili atulie.

Lakini, ndugu wasikilizaji, fedha si hasara iliyo kubwa kuliko zote. Iko nyingine.

Katika michezo hii, mwendeshaji akigonga ukuta na kufa, huamka mbele ya mlango wa hospitali. Pengine amepunguziwa fedha kidogo. Hujipangusa mavumbi, huchukua gari jingine, na safari huendelea. Wale aliowagonga barabarani hutoweka tu. Hawana majina, hawana mama wa kuwalilia, hakuna kaburi linalochimbwa.

Tarehe 30 Juni 2023, jioni ya Ijumaa, lori lilipoteza mwelekeo penye njia panda ya Londiani, humu humu Kericho. Liliwaparamia wachuuzi waliokuwa wakiuza mboga na matunda, waendeshaji wa bodaboda, na abiria waliokuwa wakingoja magari. Watu zaidi ya 50 walikufa. Hapakuwa na kitufe cha kuanza upya. Palikuwa na chumba cha maiti, na watu wa jamaa waliopanga foleni kuwatambua wapendwa wao. Na katika nchi yetu nzima, barabara huua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka.

Hatusemi kwamba ajali ile ililetwa na mchezo, la, hasha. Wala hatusemi kwamba kila kijana achezaye atakuwa dereva mbaya au mwizi. Twasema hivi: kijana wa miaka kumi na minne, ambaye sheria haimruhusu kushika usukani wa gari mpaka atimize miaka 18, anajifunza uendeshaji wake wa kwanza mahali ambapo kumgonga mtu ni kichekesho. Kesho atapewa pikipiki ya mjomba apeleke maziwa. Je, kuna mtu aliyekaa naye akamwambia tofauti?

Tena liko jambo la wakati. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya magonjwa hali ya kushindwa kujitawala katika michezo hii, na orodha hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni kwamba mtu hushindwa kujizuia, mchezo hutangulia mambo mengine yote, naye huendelea ijapokuwa anaona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Si kila mpenda mchezo ni mgonjwa. Lakini mzazi aliyeona kijana wake akikataa chakula, masomo na usingizi kwa ajili ya simu asimpige wala kumwita mvivu. Amtafutie msaada.

Na tuwe wenye haki. Mikono ya vijana wetu si ya kuharibu tu. Upo mchezo wa bure wa kuendesha mabasi, uliotoka Indonesia, ambao humruhusu mchezaji kuingiza magari yake. Vijana wa Kenya wameyachora mabasi na matatu ya kwetu, kwa rangi na maandishi yake yote, wakayaingiza humo. Mwaka 2007 Wesley Kirinya, kijana wa Kenya, alitoa mchezo wa kompyuta juu ya msichana aitwaye Nyangi. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa mchezo wa simu uitwao Nairobi X. Basi kijana aliyeinamia simu pale dukani huenda ana kipaji ndani yake. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja si kumvunja.

Tufanye nini basi? Mzazi, keti karibu na mwanao, umwambie, "Nionyeshe unavyocheza." Usianze kwa kukemea. Muulize, "Huyu uliyemgonga, angekuwa ni kogo, bibi yako, ungecheka?" Kisha ngoja ajibu. Tazama alama ya umri iliyowekwa penye mchezo kabla haujaingizwa katika simu. Namba yako ya siri ya fedha usimpe mtoto, hata akiwa mwema namna gani. Patana naye saa za kucheza, na wewe mwenyewe uweke simu yako chini saa hizo zikiisha. Mtoto hufuata nyayo kuliko maneno.

Nawe kijana unayetusikiliza, kumbuka kwamba saa uliyoipoteza hairudishwi, hata na kampuni iliyotozwa faini.

Wapenzi, viko vitu vya bure kweli: pumzi, jua, na mvua inyeshayo juu ya chai yetu. Mwenyezi Mungu hakutudai bei, wala hakutuwekea tangazo kabla ya kupambazuka. Na uhai wa mtu aliye kando ya barabara ni mmojawapo wa vipawa hivyo. Tuliupewa bure, wala hakuna awezaye kuununua tena ukiisha kumwagika.

Usiku huu, kabla ya kulala, muulize mwanao leo amecheza nini. Kwaherini, na Mungu awalinde njiani.