Sikukuu Kwanza, Kisu Baadaye

(Mazungumzo ya muuguzi na wanachama wa klabu ya afya shuleni)



Katika sanduku la maswali nimekuta hili: "Mtu akienda nje kufanyiwa upasuaji wa urembo, anaweza pia kufurahia sherehe za huko?" Wengine mtaguna, aah, hayo ni ya matajiri. Lakini matangazo mnayaona: njoo tukutengeneze pua, na likizo ule hapo hapo. Basi tulijibu.

Tuchukue Thailand, ambako watu wengi huenda kwa upasuaji huo. Mwaka mpya wao wa jadi, Songkran, ni tarehe 13 hadi 15 Aprili. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni. Kiini chake ni heshima: vijana huwamwagia wazee maji ya manukato mikononi na kuomba baraka. Lakini huko barabarani ni vita vya maji! Ndoo, mipira ya maji, bastola za plastiki, na kupakana unga mweupe usoni. Mjini Chiang Mai watu huchota hata maji ya handaki linalozunguka mji wa kale. Raha tupu, kama hujapasuliwa.

Sasa mweke hapo mtu aliyepasuliwa pua juzi. Maji machafu yakiingia kwenye kidonda kibichi, kinaweza kutunga usaha. Jua la Aprili, mwezi wa joto kali, laweza kulitia kovu weusi. Kiwiko kimoja tu katika msongamano, pua imepinda. Akinywa pombe juu ya dawa za maumivu, anajitafutia balaa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Upasuaji mkubwa huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni, na kukaa saa nyingi ndani ya ndege huongeza zaidi. Bonge la damu likifika mapafuni, mtu anaweza kufa. Ndiyo maana huduma ya afya ya Uingereza, NHS, hushauri kusubiri siku 5 hadi 7 kabla ya kupanda ndege baada ya upasuaji wa matiti, na siku 7 hadi 10 baada ya ule wa uso au tumbo.

Je, ina maana asione kitu? Hapana. Afanye hivi:

1. Aone sherehe kwanza. Kisha aache pombe, apumzike, ndipo apasuliwe.

2. Kama ameshapasuliwa, achague sherehe ya utulivu. Usiku wa Loy Krathong, kwa kawaida mwezi Novemba, watu huelea majini vikapu vidogo vya migomba vyenye mishumaa. Daktari akiruhusu, anaweza kukaa kitini, mbali na msongamano, akatazama.

3. Asibane siku za safari. Abaki karibu na daktari aliyempasua. Mguu ukivimba na kuuma, kifua kikibana, au homa ikipanda, hospitali mara moja! Asingoje kufika nyumbani.

Na jambo moja letu sisi. Ngozi nyeusi huota makovu manene, yaani keloidi, kwa urahisi zaidi. Mwenye kovu la namna hiyo amwambie daktari kabla ya kukubali kisu. Isitoshe, ninyi bado mnakua. Sura ya leo siyo ya miaka mitano ijayo.

Sherehe hurudi kila mwaka. Mwili ni mmoja tu. Haya, nani ana swali?