CHAMA KIDOGO NDANI YA SERIKALI KUBWA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Mara nyingi huulizwa hivi: chama kidogo cha siasa kinachosema kinawatetea wafanya kazi, kikiitwa kuingia katika serikali, kiingie au kikatae? Leo nawaelezeni habari za chama kimoja cha Ugiriki, maana huko jambo hili lilijaribiwa.

Chama hicho kiliitwa DIMAR. Kilianzishwa mwezi wa Juni 2010 na watu waliojitenga na wenzao wa mrengo wa kushoto, wakiongozwa na wakili Fotis Kouvelis. Wakati huo nchi ilikuwa imezama katika madeni, na waliokopesha ndio waliokuwa wakitoa masharti. Februari 2012 mshahara wa chini ulikatwa kutoka euro 751 kwa mwezi mpaka 586, na vijana wasiotimiza miaka 25 wakakatwa zaidi ya hapo. Hiyo haikuwa kazi ya tajiri mmoja mwenye roho ngumu. Ilikuwa sheria.

Katika uchaguzi wa Juni 2012 DIMAR kilipata viti 17 katika Bunge la watu 300. Kikakubali kuingia katika serikali ya Antonis Samaras, ambaye chama chake cha mrengo wa kulia kilikuwa na viti 129, pamoja na PASOK chenye viti 33. Sasa hesabuni wenyewe: 129 na 33 ni 162, na zinazotakiwa ni 151. Yaani serikali ile ingesimama hata bila DIMAR. Walikaribishwa, lakini hawakuhitajiwa.

Novemba 2012 ikaletwa sheria ya kupunguza tena haki za wafanya kazi. Wabunge wa DIMAR hawakusema ndiyo wala hapana. Walijibu kwamba wapo tu. Sheria ikapita kwa kura 153. Siku chache baadaye wakaikubali bajeti. Mimi naona hapo ndipo walipowapoteza watu wao, ijapokuwa wengi husema ni baadaye.

Tarehe 11 Juni 2013 serikali ikatangaza kwamba ERT, redio na televisheni ya taifa, inafungwa. Usiku ule ule mitambo ikazimwa. Wafanya kazi zaidi ya 2,500 wakapoteza kazi siku moja! Wengi wao hawakukubali kwenda zao. Walikaa ndani ya jengo lao wakaendelea kutangaza kwa njia ya intaneti, mpaka polisi walipowatoa mwezi wa Novemba. Miezi mitano, ndugu zangu.

DIMAR kilitoka serikalini tarehe 21 Juni. Wako wanaosema watu wale walitaka vyeo tu. Si haki, mawaziri wangapi mnaowajua waliokwisha acha kiti kwa sababu ya wafanya kazi? Lakini serikali haikuanguka. PASOK kilibaki, na wabunge 153 walitosha.

Januari 2015 DIMAR, pamoja na chama cha kutetea mazingira, hawakupata hata kura moja katika kila mia. Mwaka huo huo Bunge jipya lilipitisha sheria ya kuirudisha ERT, na mitambo ikawashwa tarehe 11 Juni, miaka miwili kamili. DIMAR hakikuwa na mbunge hata mmoja wa kuipigia kura.