Kabla Kiasi cha Bibi Hakijapotea

Maneno yaliyosemwa kwenye sherehe ya jumuiya yetu ya kuadhimisha Uhuru, 9 Desemba



Tumekutana kuikumbuka tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru wake. Nimeombwa nizungumze kabla ya chakula, kwa hiyo sitawachelewesha.

Sisi tuliokuja Uingereza tukiwa watu wazima tulikuja na mapishi kichwani. Watoto waliozaliwa hapa hawanayo, ila tukiwapa. Mama zetu hawakuandika. Ukiwauliza chumvi kiasi gani, jibu ni, "Tia kiasi." Ukiuliza tui, "Mpaka uone linatosha." Kipimo kilikuwa jicho na kiganja, na mwenye kiganja akiondoka, kipimo nacho huondoka.

Dada mmoja wa hapa kwetu alifiwa na mama yake kule Tanga. Baada ya msiba alitaka kuwapikia wanawe mkate wa kumimina kama wa bibi yao. Alijua kwamba mchele hulowekwa, husagwa kwa tui, hutiwa hamira, sukari na iliki. Lakini ule uji uwe mzito kiasi gani, na uachwe uumuke mpaka wapi, hakuna aliyeandika. Na wa kuulizwa hakuwapo tena.

Wapo watakaosema intaneti ina kila kitu. Ina mengi, lakini mkono wa bibi yako haumo. Tena mkono huo ulibeba elimu. Chukueni kisamvu. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Kuyatwanga na kuyachemsha vizuri ndiko kunakoyafanya yalike. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara, wakalirithisha kwenye kinu, pamoja na maneno yake: mchi, mwiko, kifumbu, mbuzi. Mtoto anayejua tui la kopo tu, ukimwambia nazi hukunwa kwa mbuzi, atamtafuta mnyama.

Silaumu tui la kopo. Ugenini tunapika kwa kinachopatikana, na spinachi ikikaa mahali pa mchicha si dhambi. Ninachoomba ni mambo matatu.

Kwanza, mama anapotia "kiasi", mtoto atangulize bakuli juu ya mizani, apime, aandike kwenye daftari la nyumbani. Wavulana pia, jikoni hapabagui.

Pili, likizo hii kila mtoto ampigie simu bibi, babu au shangazi, amuulize pishi moja tu: mtori, makande, ndizi za Bukoba, wali wa nazi, kila nyumba na asili yake. Airekodi sauti hiyo. Wanangu, msiogope Kiswahili chenu kikiwa cha kukwama. Bibi hatahesabu makosa, atafurahi kuulizwa.

Tatu, walau siku moja kwa wiki tule pamoja, sinia moja ikiwezekana, simu zikae kando, na tuzungumze Kiswahili.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Watu wanaosherehekea uhuru wao wasikubali asili yao iishie kwenye sufuria ya kizazi kimoja.

Chakula kiko tayari. Watoto, mkishakula, mtafuteni aliyepika pilau, mumuulize alitia nini, na kiasi gani. Akijibu "kiasi", msimwachie.