Mavazi ya Mji na Heshima ya Watu

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Halmashauri imeniagiza niseme maneno machache juu ya mavazi, kabla mkutano huu haujapiga kura juu ya pendekezo lililo mbele yenu, yaani kwamba mwanachama asiyevaa mavazi ya mila asiruhusiwe kuingia ofisini wala ukumbini mwa Chama. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika yale wakubwa wanayoyaamua. Lakini kwa kuwa nimeagizwa kusema, nitasema kwa adabu, na ulimi ukiteleza nawaomba radhi mapema.

Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Neno hilo ni la kweli, wala mimi sikuja kulipinga. Ila yatupasa tuulizane kwanza: mila ya mavazi katika mji huu ni ipi, na ilitoka wapi? Mtu hawezi kuishika sawasawa mila asiyoijua asili yake.

Tuanze na leso, ambayo wenzetu wa Unguja na Dar es Salaam huiita kanga. Neno lenyewe tulilipata kwa Wareno, wale walioanza kuijenga Ngome yetu mwaka 1593, na kwao maana yake ni kitambaa cha mkononi. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo kwa jora, havijakatwa bado, wakaviunga sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona wanawake wameupenda mtindo huo, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo lake pande zote na mji wake katikati. Hapa Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo alama yake ni "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na leso zake zimejulikana pwani nzima. Yale majina tunayoyasoma juu ya leso yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, ndipo baadaye zikaja herufi za Kirumi. Nguo yenyewe ilichapwa Ulaya, ikachapwa Bara Hindi, ikachapwa Ujapani.

Basi tazameni, wazee wangu. Neno ni la Wareno, pamba ni ya ng'ambo, mashine ni ya ng'ambo, na mwenye duka asili yake ni Bara Hindi. Hata hivyo hapana mtu hapa awezaye kusimama akasema leso si yetu. Iliyoifanya kuwa yetu ni nini? Ni kazi tuliyoipa. Mtoto akizaliwa hupokewa kwa leso. Bibi arusi hupewa kisutu, chenye rangi zake za wekundu, weusi na weupe. Penye msiba wanawake hujitanda leso, na aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini huvikwa ya jirani. Na mwanamke mwenye neno asilotaka kulisema kwa kinywa hununua leso yenye jina linalofaa, akapita nayo mbele ya mlango wa anayehusika. Hiyo ndiyo mila, nayo imo katika matumizi kuliko katika uzi.

Nguo nyingine za wazee wetu zina habari kama hiyo. Merikani yajitaja kwa jina lake: ni kitambaa cha pamba kilicholetwa na merikebu za Marekani, hasa kutoka mji wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoivuruga biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na Bara Hindi vikaingia mahali pake, lakini watu wetu wakaendelea kusema merikani. Kaniki nayo, ile nguo nyeusi iliyotiwa nili, ilitoka Bara Hindi. Na leo hao Mijikenda wanaoilinda misitu ya Kaya huihesabu kaniki kuwa nguo ya heshima kuu. Jambo hili nitalirudia mwishoni.

Sasa nitazame kanzu. Hapa kwetu kanzu nyeupe pamoja na kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono ni vazi la Ijumaa, la arusi na la baraza, nayo ni vazi lenye akili, kwa maana hupitisha upepo katika joto la Mombasa. Katika Buganda ni vazi la heshima ambalo mwanamume hulivaa akienda kuposa. Lakini huko Nairobi, wakati wa serikali ya kikoloni, kanzu hiyo hiyo ilikuwa sare ya mtumishi wa nyumbani, aliyefungwa mshipi wa rangi kiunoni akipeleka chai mezani. Nguo ni moja, ukosi ni mmoja. Huku imemfanya mtu kuwa bwana, na kule imemfanya kuwa boi. Basi heshima haikushonwa ndani ya kanzu. Heshima hutiwa na watu wa mahali, kwa jinsi wanavyomtazama aliyeivaa.

Yatupasa pia kukumbuka jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Zamani za utumwa, nguo katika pwani hii ilikuwa ni mpaka. Mtumwa alijulikana kwa kipande chake cha merikani au kaniki. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana, na mtumwa mwanamke hakujifunika kichwa kama bibi yake. Mabibi wa miji yetu walipotoka nje walitembea chini ya shiraa, pazia pana lililoshikwa na watumwa, ili wasionekane na watu wa njiani. Utumwa ulipokomeshwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa watumwa walifanya nini? Walinunua nguo. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake walijitanda leso za rangi, na buibui ilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mtindo uliotoka Arabuni, nao wakaivaa. Bibi wa zamani alihitaji watu wa kumshikia shiraa. Buibui mwanamke yeyote aliweza kuivaa peke yake, akatembea. Kwa babu na bibi hao, kuvaa kulikuwa ni kutangaza uhuru.

Nimeyasema haya, Bwana Mwenyekiti, kwa sababu kanuni ya kumzuia mtu mlangoni kwa ajili ya nguo yake si ngeni katika nchi hii. Ilikuwapo, na waliozuiwa walikuwa miongoni mwa wazazi wetu.

Lakini nisiwe kama kwamba sioni upande wa pili. Wazee walioleta pendekezo hili wana sababu. Wameona vijana wakija matangani na kaptula fupi na kofia iliyogeuzwa nyuma, na mwenye msiba akaumia moyoni. Wameona ukumbi wa Chama ukiingiwa kama soko. Tena twajua kwamba leo nguo za wengi wetu ni mitumba ya Kongowea, ambayo mtu huinunua kwa bei wala si kwa mila. Fulana imeandikwa maneno ya mji wa ng'ambo, naye mvaaji hajui yasemayo. Tukiacha kila jambo liende na soko, watoto wetu hawatajua siku ya furaha ina vazi gani na siku ya huzuni ina vazi gani. Hofu hiyo ni ya haki.

Hata hivyo, nimetazama jinsi mji wetu unavyowafundisha wageni, nikaona kwamba haufundishi kwa kufukuza. Wanachama wetu wengi wametoka Taita, Ukambani, Nyanza na kwingineko. Mwanamke wa bara akifika hapa hapewi amri na mtu. Jirani humkaribisha arusini, akaona wenzake walivyovaa, na mara ya pili akaja na leso zake mbili. Mumewe hununua kikoi cha kukaa nacho nyumbani jioni, kwa kuwa suruali ya Nairobi haivumiliki katika joto hili. Baada ya miaka michache, akienda kwao likizo, watu humjua kuwa ni mtu wa Mombasa kwa jinsi anavyojifunga. Hakuna bawabu aliyemlazimisha. Mji ulimvika.

Amri, kwa upande wake, haikufanya kazi kubwa. Mwaka 2004 ulionyeshwa mtindo wa vazi la taifa la Kenya, baada ya shughuli nyingi na fedha nyingi, na wananchi hawakulivaa. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Bwana Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, vazi lililopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, akataka wanaume waje na koti na tai. Wengi walishangaa kuona vazi la kiongozi wa Kiafrika likitolewa nje, na tai ya Uingereza ikibaki ndani. Hiyo ndiyo taabu ya kanuni za mlangoni: mara nyingi humlinda yule aliyeziandika.

Tena kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba 2014, katika jiji la Nairobi, wanaume walimvua mwanamke nguo hadharani, kwa madai kwamba alivaa vibaya. Wanawake waliandamana, na mwezi wa Disemba sheria ikabadilishwa ili kuwaadhibu watendao uovu huo. Wale wanaume walisema wanatetea adabu. Lakini ni mila gani ya Mwafrika inayomvua mama wa watu? Kwetu sisi, ukimwona mtu uchi wazi, humpa nguo. Mila yote ya mavazi imesimama juu ya neno moja tu, nalo ni sitara.

Sasa nifike kwetu. Mwezi wa Agosti binti wa mwanachama mmoja, anayefanya kazi za mizigo, alikuja ofisini kumlipia mama yake ada. Alikuwa amevaa ovaroli, na kofia ngumu ya kazi mkononi, kwa kuwa alipewa ruhusa ya saa moja tu. Bawabu alimzuia, akisema mwanamke haingii hapa na suruali. Mimi siku hiyo nilikuwa benki kwa shughuli za Chama. Habari hii nimeisoma katika daftari la mlangoni, na bawabu mwenyewe ameikiri. Binti alirudi kazini na fedha zake. Ada ikapita tarehe, na kwa mujibu wa kanuni zetu mama yule akahesabiwa kuwa nje ya mfuko wa mazishi. Mwezi wa Oktoba akafariki. Chama hakikutoa kitu. Majirani ndio walionunua sanda na kukodi gari. Wachache wetu tuliokwenda tulimkuta binti yule amejitanda leso kama inavyopasa, akiwapokea wageni kwa heshima zote. Mila alikuwa nayo siku zote. Siku ile ya Agosti alikuwa kazini tu, akitafuta fedha ambazo sisi tulizikataa.

Nimeahidi kurudi katika Kaya. Mgeni aendaye kuuona msitu wa Kaya Kinondo, huko Kwale, hukuta sharti la mavazi, nalo ni kali: haingii mpaka avae kaniki. Misitu hiyo mitakatifu iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, na hujiwa na watu wa kila taifa, wengi wao wamevaa kaptula. Je, wazee wa Kaya huwafukuza? La. Hutoa kaniki, wakamfunga mgeni kiunoni, kisha wakaingia naye. Sharti halikuvunjwa, na mtu hakuaibishwa. Nani katika sisi atakayejidai kuijua mila kuwapita wazee wa Kaya?

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kwa unyenyekevu pendekezo libadilishwe kuwa hivi. Kwanza, mwanachama yeyote ajaye kulipa ada au kuomba msaada apokelewe kwa vazi alilo nalo. Pili, Chama kinunue leso sita na vikoi sita, viwekwe mlangoni, na bawabu afundishwe kumkaribisha mtu na kumpa nguo ya kujisitiri, siku za matanga na za mkutano mkuu. Tatu, wazee na mabibi wakubwa watenge jioni moja kila mwezi kuwafundisha vijana maana ya kisutu, majina ya leso, na vazi la kila shughuli. Nne, familia niliyoitaja ilipwe haki yake ya mazishi kana kwamba ada ilipokewa siku ile ilipoletwa, maana ililetwa kweli.

Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wahenga, na kwa kawaida ni hivyo. Lakini nguo itolewayo mlangoni kwa mkono wa mzee, pamoja na neno la karibu, nadhani ingesitiri vya kutosha, na ingemsitiri aliyeitoa pia. Uamuzi ni wenu. Daftari liko wazi mbele yangu, na kalamu iko tayari.