Nafasi ya Mzazi Msindikizaji katika Kambi za Nje za Shule: Hali ya Uwanda wa Ufipa

Mada niliyopangiwa inanitaka nianze na maana za maneno. Nitapita haraka, kwa kuwa wote tuliomo humu tunazijua. Kambi ya nje ni safari ya wanafunzi inayowalaza mbali na nyumbani usiku mmoja au zaidi, iwe ya skauti, ya klabu ya Malihai au ya somo la jiografia. Mzazi msindikizaji ni mzazi au mlezi anayefuatana na wanafunzi kwa idhini ya shule bila kuwa mtumishi wake. Mwenye dhamana ya kambi ni mwalimu. Faida za kambi nazo sitazirefusha. Mtoto wa Sumbawanga husoma darasani habari za bonde la ufa, ilhali akipandishwa milima ya Lyamba lya Mfipa analiona bonde lenyewe kwa macho yake. Msitu wa Mbizi uko jirani na mji, na maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya meta 200 mpakani mwa nchi yetu na Zambia, yamo ndani ya mkoa huu huu wa Rukwa. Sioni sababu ya mtoto wa Rukwa kuyajua kwa picha tu. Naomba muda uliobaki niutumie kwa jambo moja ambalo nimelisema katika vikao vingi na bado halijapata mahali pa kukaa katika miongozo yetu: mzazi anayekwenda kambini anakwenda kumlinda nani?

Tunapozungumzia usalama wa safari za wanafunzi, mawazo yetu huenda barabarani, na hatuwezi kulaumiwa kwa hilo. Ajali ya tarehe 6 Mei 2017 huko Rhotia, Karatu, iliyoondoa uhai wa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao, haijatoka mioyoni mwa Watanzania. Ukaguzi wa gari, leseni ya dereva na idadi ya abiria ni mambo ambayo leo kila mwalimu mkuu anajua kuyauliza. Ila gari likishafika salama na watoto wakashuka, maswali yetu huisha, utadhani hatari nayo imeshuka ikaondoka. Saa za kambi zilizo nyingi kuliko zote ni zile za baada ya gari kusimama: kutembea njiani, kuteka maji, kuoga, kula, kulala, kuamka usiku kwenda chooni. Kwa saa hizo zote tunategemea macho ya watu wazima waliopo, na hatujawahi kukaa tukakubaliana macho hayo yaelekezwe wapi.

Tuanze na hesabu rahisi. Kiwango chetu cha taifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasani kiwango hicho kinabebeka kwa sababu kuta nne zinamsaidia mwalimu. Msituni hakuna kuta. Watoto 45 wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akiacha hatua moja mbele yake, wanatengeneza mstari wa karibu meta 45, na penye kona au kichaka aliye mbele hamwoni aliye nyuma. Mwalimu akitangulia, hajui nani amesimama kufunga kiatu, na akibaki nyuma, hajui wa mbele wamefika ukingo gani. Hapo ndipo shule hutafuta wazazi, nao wazazi huitika kwa moyo mzuri. Lakini hapo pia ndipo kosa letu linapozaliwa, maana tunahesabu vichwa vya watu wazima bila kuhesabu kazi zao. Wazazi wanne wakiongezwa, taarifa ya safari itaonyesha watu wazima watano kwa watoto 45. Ikiwa kila mzazi anamtazama mwanawe, ukweli ni kwamba watoto wanne wana mlinzi mmoja mmoja, na watoto 41 wana mwalimu yule yule mmoja.

Katika uwanda wetu, watoto hao 41 tunaweza kuwataja kwa kazi za wazazi wao. Kalenda ya shule inatupa likizo mbili kubwa. Ya Desemba huangukia mvua, wakati njia za kuteremka Kalambo au kuelekea Ziwa Rukwa si za kupeleka watoto kulala nje. Inabaki ya Juni. Juni ndiyo mwezi ambao Ufipa inavuna. Mahindi yanakatwa na kusombwa, maharage yanapigwa, ulezi unasubiri zamu yake, na mkulima anayeacha shamba siku tatu anajua gharama yake. Kwa hiyo wengi wa wanaopata nafasi ya kusindikiza huwa ni watumishi wenye likizo na wafanyabiashara wenye mtu wa kuwaachia duka. Siwalaumu, wanatoa muda wao. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa kila mzazi na mwanawe, hata kama haukuandikwa popote, unampa ulinzi mtoto wa mtumishi na kumnyima mtoto wa mkulima, katika mkoa unaoishi kwa jembe. Jambo kama hilo lingetokea darasani tungelikemea siku hiyo hiyo.

Juni hiyo hiyo ndiyo baridi ya Sumbawanga. Usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na upepo wa uwandani hauheshimu turubai. Mchukueni mtoto wa darasa la tano aliyekojoa blanketi saa tisa za usiku. Hatasema. Atalikunja upande uliolowa uingie ndani, atakaa juu yake mpaka kuche, na asubuhi atasimama mstarini akiwa na sweta lililolowa pembeni, mikono kwapani, akisema hana njaa. Mwalimu mwenye watoto 45 ataona mtoto mkimya tu. Mzazi wake, kama yupo, atakuwa na blanketi la akiba kwenye begi na mambo yataisha bila mtu kujua. Asiye na mzazi pale ataubeba unyevu huo siku nzima. Mtu mzima mwenye watoto wanane, anayewajua kwa majina na kuwaamsha yeye mwenyewe, angeona. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mwenye pumu, kifafa au selimundu, ambaye baridi na uchovu wa safari ni adui zake. Dalili zake za mwanzo ni ndogo, na huonwa na mtu aliyepewa kumtazama yeye.

Hoja yangu basi ni hii: mzazi anayesindikiza kambi ya shule akabidhiwe kundi ambalo mwanawe hayumo. Najua inavyopokelewa. Pingamizi la kwanza hutolewa kwa methali, kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwamba hakuna atakayemtazama mtoto wa mwenzake kwa uchungu ule. Nakubaliana na methali hiyo kabisa, na ndiyo sababu ya pendekezo langu. Uchungu huo una nguvu kiasi kwamba mzazi akiwa na mwanawe kundini, wakati wa taharuki miguu yake itamwendea yeye kwanza. Hatuwezi kumtaka asiwe mzazi. Tunaweza kumweka mahali ambapo uchungu wake haugombani na kazi yake. Wala mwanawe haachwi, maana yuko mikononi mwa mtu mzima mwingine mwenye orodha. Wahenga hao hao ndio waliosema mkono mmoja haulei mwana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalichukua kwa uzito: je, si hatari kumkabidhi mtu asiye mwalimu watoto wa wenzake, tena usiku? Ni hatari, kama tutamkabidhi peke yake. Ulinzi hapa uwe kwamba hakuna mtu mzima, awe mzazi au mwalimu, anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na kwamba wasichana wanalala chini ya uangalizi wa wanawake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto kuvunjiwa haki aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na kambini hakuna likizo ya wajibu huo. Niongeze kwamba mzazi hana mamlaka ya kuadhibu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu kuchapa, au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, na si mtu mwingine. Mzazi msindikizaji amepewa macho, hesabu na sauti ya kumwita mwalimu, basi.

Wapo wanaosema wazazi hawatajitokeza wakijua hawatakuwa na watoto wao. Huenda wachache wakajitoa. Mzazi anayejitoa kwa sababu hiyo alikuwa anakwenda kama mgeni, na pengo lake ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye taarifa. Yupo pia mzazi anayepewa nafasi kwa sababu ya mchango wake. Hapa naomba niseme kwa tahadhari, kwa sababu suala la michango lina nyaraka zake, kuanzia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na tafsiri yake si kazi ya mada hii. Hata hivyo kumpa nafasi ya kusindikiza mzazi aliyetoa mchele au mafuta ya gari, kama shukrani, ni kuchanganya mambo mawili. Shukrani itolewe kwa barua. Nafasi itolewe kwa anayeweza kazi.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba kila shule inayoomba kibali cha kambi iambatishe orodha ya makundi, si orodha ya majina tu, na kwenye orodha hiyo ionekane wazi kwamba hakuna mzazi aliye na mwanawe. Watoto 45 wakiwa na watu wazima sita, kila mmoja anabaki na saba au wanane. Mwalimu kiongozi awe wa saba asiye na kundi, ili awepo mtu wa kukimbia inapobidi. Dereva na mpishi wasihesabiwe, kwa kuwa kazi zao zinatosha. Hesabu ifanywe kwa majina, si kwa vichwa, kila mnapoondoka, mnapofika, kabla ya maji, kabla ya kulala na mnapoamka. Penye ukingo wa Kalambo kundi moja lisogee na mengine yakae. Wazazi waitwe shuleni siku moja kabla, waelezwe mipaka yao na waonane na watoto wa makundi yao. Taarifa za afya, pamoja na zile ambazo watoto huzionea aibu, zichukuliwe kwa siri na zimfikie mwenye kundi. Ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, utafute wasindikizaji kuanzia Machi, ili na mkulima apange mavuno yake na majirani wamsaidie siku zile mbili tatu, maana bila yeye tutaendelea kusindikizwa na watu wa mjini peke yao. Blanketi za akiba ziwe za kambi, si za begi la mzazi. Mtoto mwenye ulemavu au maradhi yanayohitaji mkono wa mzazi wake awe naye, na mzazi huyo asihesabiwe kwenye makundi. Na narudia, kwa kuwa ndilo linalosahaulika kwanza: mzazi mwenye kundi asiwe na mwanawe.

Mengi ya haya hayasubiri bajeti wala waraka mpya, na yaliyobaki mamlaka husika zitayatazama kwa nafasi zao. Kamati za shule zitakaa tena kabla ya likizo ya Juni. Naomba walimu wakuu mliomo humu muweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao hicho, na muandike majina ya makundi mkiwa na wazazi mezani.