Chuma Kiliwacho na Chuma Kiingiacho Damuni



Katibu aliponiomba nizungumze juu ya upungufu wa damu, nadhani alitaraji nitaje vyakula vyenye madini ya chuma kisha niketi. Vyakula hivyo mwavijua: maini, nyama, dagaa, maharagwe, kunde, mchicha. Lakini nyumba nyingi hula kunde na mchicha mwaka mzima, na wake zetu wangali wakikosa damu. Sababu mojawapo ni kwamba chuma kilichomo sahanini sicho chuma kiingiacho mwilini.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 au 4 tu za chuma, na sehemu kubwa yake imo katika chembe nyekundu za damu. Hufyonzwa hasa pale utumbo mdogo uanzapo. Chuma cha nyama na samaki hupita kwa wepesi: katika kila sehemu 100, sehemu 15 hadi 35 huingia. Cha nafaka, kunde na mboga mara nyingi hakifiki sehemu 10, kwa kuwa hukamatwa njiani. Maganda ya mahindi na maharagwe yana kitu kiitwacho fitati, ambacho hushikamana na chuma kisiachane nacho.

Na chai pia. Hapa naomba radhi, maana mimi mwenyewe ni mnywaji mkubwa. Vile vitu viipavyo chai rangi na ukali wake huungana na chuma cha mboga hata utumbo usiweze kukifyonza. Mtu alaye maharagwe huku akinywa chai amenunua chuma akakiacha sokoni. Akingoja kama saa moja baada ya kula, hasara hupungua sana. Ndimu, chungwa, pera au papai hufanya kinyume chake, lakini sharti viliwe pamoja na chakula. Hata kipande kidogo cha samaki katika sufuria ya maharagwe husaidia chuma cha maharagwe yenyewe. Bibi zetu waliochachusha unga wa uji walikuwa wakiipunguza fitati bila kujua jina lake.

Huko Marafa, upande wa Malindi, watoto wa shule walipewa uji wa mahindi uliotiwa chuma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Waliopewa kwa kipimo cha kutosha chuma kilichokingwa na fitati walipata nafuu. Waliopewa chuma kitupu hawakupata faida ya kuonekana. Na uji ulikuwa ule ule.

Sasa nasema lililonileta. Mimba moja hudai takriban gramu 1 ya chuma. Mama akiufikia uzazi na damu yake haba, kutokwa na damu ambako mwenzake angekustahimili kwaweza kumwua. Je, nyama nyumbani hutengewa nani? Bakuli hutangulia kwa mzee, mchuzi hubaki kwa mama. Sisemi kwa dharau. Nimelelewa hivyo, na bakuli hilo sasa huja kwangu. Lakini mwanamume hupoteza kama miligramu 1 tu kwa siku, na mwanamke wa umri wa kuzaa hupoteza zaidi.

Mwenye safura hatapona kwa chakula peke yake, maana minyoo humnyonya damu, apelekwe hospitali. Wala watoto wasipewe vidonge vya chuma ovyo. Kisiwani Pemba, penye malaria, watoto waliopewa vidonge hivyo walilazwa au kufa zaidi ya wenzao, hata sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa mwaka 2003.

Nina ombi moja kwa Kamati. Katika mikutano yetu chai huletwa pamoja na chakula. Leo nimewaomba wapishi waizuie birika kwa saa moja, na mtaona machungwa yaliyokatwa mezani. Sinia ya nyama nayo itaanzia upande wa akina mama.