Wauguzi Wetu Waendao Ng'ambo
(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twashukuru kupewa nafasi ya kunena juu ya jambo lililozusha ubishi mwingi katika Halmashauri mwaka huu. Mwanachama mmoja aliomba mkopo katika mfuko wa Chama ili binti yake, aliyehitimu uuguzi, aende kufanya kazi Uingereza. Wengine walisema, "Mbona tutoe fedha ili wodi zetu zizidi kuwa tupu?" Wengine wakajibu, "Binti huyu amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Ni wodi gani anayoiacha?" Pande zote mbili zilisema kweli, na hapo ndipo penye uzito.

Upungufu wa wauguzi si wa kwetu peke yetu. Katika taarifa yake ya mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba ulimwengu ulipungukiwa na wauguzi 5,900,000, na wengi wao walihitajiwa katika nchi zenye mapato madogo na zile zenye mapato ya kati ya ngazi ya chini. Uingereza nayo, tangu ilipoanzisha Huduma ya Taifa ya Afya mwaka 1948, imewategemea wauguzi kutoka Karibi, India, Ufilipino na Afrika. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni kweli, lakini yafaa tuulize pia hali ya wagonjwa aliowaacha mgeni huyo kwao.

Kwa ajili hiyo, mwezi Mei 2010 mataifa yalikubali kanuni ya kwamba nchi zenye uhaba mkubwa zisinyang'anywe wahudumu wao wa afya. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wauguzi wetu wasio na kazi, na Novemba mwaka huo Uingereza ikatangaza ya kwamba mawakala wasiwatafute wauguzi Kenya nje ya mapatano hayo. Tena kanuni za Uingereza zakataza wakala kumtoza mwuguzi ada ya kumtafutia kazi.

Tulipolisoma ombi la mwanachama wetu, tuliona ya kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya wakala. Tulimwomba wakala huyo atuonyeshe hati ya kazi. Hakujibu mpaka leo. Basi Halmashauri ilikata fedha zile, ikatoa za mtihani wa Kiingereza na za pasipoti tu. Mzee alihuzunika, lakini shamba lake halikuuzwa.

Twapendekeza iwe desturi: kila mwanachama alete hati ya kazi isomwe kabla ya kuitia sahihi, hasa vifungu vya madeni atakayodaiwa mwuguzi akiiacha kazi mapema.

Tusimlaumu binti aendaye. Lakini wodi isiyo na mwuguzi na mwuguzi asiye na kazi, wote wakiwa katika wilaya moja, ni aibu ambayo safari ya ng'ambo haiwezi kuiondoa. Twaomba serikali za kaunti, zilizokabidhiwa hospitali zetu tangu mwaka 2013, ziwaandike kazi wale tuliokwisha kuwasomesha.